Mashine Zinavyozungumza (7): Jina Huombwa, Jina Hurudishwa

Mei 12, 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya 8 na mengine 12 kubadilishwa majina, vijiwe vyote vilijaa swali moja: nani atagombea wapi. Mimi niliyashika majina. Nkenge ikawa Missenyi, Buyungu ikawa Kakonko, na jirani zetu wa Singida Kaskazini wakawa Ilongero. Chato ikagawanywa Kaskazini na Kusini, kwa hiyo jina "Chato" tupu, kama jina la jimbo, likabaki halina mwenyewe. Jina likishaachwa, nani hupewa taarifa? Kwa bahati nzuri hapo ndipo mfululizo wetu ulipofika.

Mlio nami tangu mwanzo mnaijua D-Bus, ile njia ya ujumbe ambayo Havoc Pennington wa kampuni ya Red Hat na wenzake walianza kuitengeneza 2002, toleo la 1.0 likatoka 2006. Mnamjua pia msimamizi anayekaa katikati, akipokea ujumbe wa programu hii na kuufikisha kwa ile. Leo tumtazame akiwa na daftari la majina.

Programu ikijiunga hupewa kitambulisho, tuseme :1.57. Hiki hakiombwi wala hakirithiwi. Programu ikifa, :1.57 hapewi mwingine hadi siku msimamizi mwenyewe atakapozimwa. Lakini nani atakariri :1.57? Ndiyo maana programu yenye huduma ya kutoa huomba jina la kujulikana nalo, kama org.freedesktop.Notifications, jina la huduma inayoonyesha taarifa fupi kwenye kona ya skrini. Ombi huitwa RequestName na hujibiwa kwa namba. 1, jina ni lako. 2, umewekwa kwenye foleni. 3, lina mwenyewe. 4, unaomba nini tena, tayari unalo. Mwenye kompyuta ya Linux aandike busctl --user list, daftari lote litashuka mbele yake: jina, namba ya mchakato, programu iliyolishika. Mistari mingine mahali pa namba ina kistari tu. Hayo ni majina ambayo huduma zake bado zimelala, na ujumbe wa kwanza ndio utakaoziamsha.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba ridhaa ya kupisha hutolewa siku ile ile ya kuomba. Mwombaji anaweza kutamka mapema kwamba akija mwingine anayelitaka jina, apewe. Asipotamka, mgeni hata aje kwa nguvu ataishia kwenye foleni, na akiikataa foleni atajibiwa 3. Laiti kila mwenyekiti wa chama cha ushirika angetakiwa kuisema ridhaa hiyo kabla ya kukabidhiwa muhuri! Tungepunguza mikutano mikuu inayovunjika kwa viti kurushwa.

Sisi wa huku Manyara hatuna haja ya kwenda mbali kuona jina likibadili mwenyewe. Mbulu ya enzi ya Mwingereza ilikuwa wilaya moja kubwa iliyobeba Karatu, Babati na Hanang ya leo. Baadaye Hanang ikatolewa humo, makao makuu yake yakawa Babati. Mwaka 1985 ikagawanywa tena, na hapo likatokea jambo ninalolisimulia kwa kila anayenipa sikio. Mji uliokuwa na ofisi haukubaki na jina. Babati ikawa wilaya ya Babati, na jina la Hanang likahamia Katesh, chini ya mlima wenyewe. Aliyezaliwa Babati mjini 1978 ni mzaliwa wa wilaya ya Hanang kwa mujibu wa karatasi za wakati ule, hata kama Katesh amepita tu akielekea Singida.

Karatu nayo ikajitenga na Mbulu, na 2002 ulipozaliwa mkoa wa Manyara, ikabaki Arusha. Jimbo Katoliki la Mbulu halikuyumba: mpaka leo linavuka mpaka wa mkoa hadi Karatu, kana kwamba ramani ya zamani haijakunjwa. Na hilo jina Manyara! Mgeni anayekwenda kwenye lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara pale Mto wa Mbu yuko mkoa wa Arusha, wala hajakanyaga mkoa wenye jina analolitafuta.

Kwenye D-Bus mkanganyiko huo hauna nafasi. Jina lina mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja. Akimaliza kazi hutuma ReleaseName na kujibiwa: 1, limeachwa, 2, jina hilo halipo, 3, si lako wewe kuliacha. Akifa ghafla, msimamizi huona muunganisho umekatika na kuyafuta majina yake yote. Kwa vyovyote vile, aliye mbele kwenye foleni hulirithi, na tangazo la NameOwnerChanged huwafikia wote walioomba kuarifiwa, likiwa na mambo matatu: jina, mwenyewe wa zamani, mwenyewe mpya. Foleni ikiwa tupu, nafasi ya mwenyewe mpya huachwa wazi. Hilo nalo ni taarifa. Wilaya ngapi zimegawanywa bila tangazo la namna hiyo kumfikia mwananchi mwenye faili ofisini?

Vijana wanaoandika programu nawasihi mawili tu. Mkijibiwa 2 msijidanganye kuwa mmepata. Ujumbe utaendelea kwenda kwa mwingine na mtalaumu mtandao bure. Na msihifadhi :1.57 mahali popote mkidhani kesho itaufikisha ujumbe kwa mtu yule yule. Hifadhini jina, kisha sikilizeni matangazo.

Kuhusu majimbo, nafasi imeniishia. Kwa kifupi, daftari la Tume linajua Nkenge ilikwenda wapi. Orodha za vikundi vya mikopo na fomu za ofisi za kata huenda zikachelewa kujua. Juma lijalo: ujumbe uliotumwa kwa jina lisilo na mwenyewe, na kosa linalorudi kwa aliyeutuma.