Jina la Nguo kama Ushahidi: Historia ya Mavazi katika Kasongo na Kabambare

Mwanafunzi wa uzamili anayechunguza historia ya mavazi katika Wamaza, kusini mwa Maniema, hukabiliwa na tatizo la msingi: nguo huoza. Unyevu na mchwa haviachi masalio mengi. Hivyo basi, hana budi kutegemea maandishi, makumbusho na lugha yenyewe.

Maandishi yapo. Livingstone alifika Bambare, upande wa Kabambare, mwaka 1869, akaona nguo zilizofumwa kwa nyuzi za mimea. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyejenga makao yake Kasongo katika miaka ya 1870, aliacha tawasifu kwa Kiswahili. Hata hivyo, wasafiri na wafanyabiashara hao waliitazama nguo kwanza kama fedha. Waliipima kwa mikono: shuka ni mikono minne, doti ni minane. Kwa kawaida hawakumtaja mfumaji. Lebo za makumbusho nazo, kama zile za Tervuren nchini Ubelgiji, aghalabu humtambulisha aliyeichukua nguo kuliko aliyeitengeneza.

Hapo ndipo msamiati unapotoa ushahidi wa aina nyingine. Jina merikani linahifadhi asili ya kitambaa kilicholetwa Zanzibar kutoka Marekani. Lakini jina hilo liliendelea kutumika hata viwanda vya Bombay vilipoanza kufuma kitambaa cha namna hiyo. Kwa hiyo jina huonyesha mwanzo wa nguo, wala halithibitishi kila shehena ilitoka wapi. Vivyo hivyo, kanzu ilikuwa alama ya mngwana. Wenyeji wengi wa Maniema waliojiunga na misafara walilitwaa vazi hilo pamoja na jina hilo, na mtu aliyevaa kanzu alikuwa akidai cheo.

Mfano wa kikwembe unaonya zaidi. Katika kamusi za pwani, kikwembe ni nguo kuukuu. Katika Kiswahili cha Kongo, ni vazi la heshima la mwanamke, la kitambaa chenye nakshi. Mtafiti atakayefasiri masimulizi ya bibi wa Kasongo kwa kamusi ya pwani pekee atamvisha matambara siku ya arusi yake.

Zaidi ya hayo, kuna historia ya pamba. Kuanzia mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji ulilazimisha kilimo chake, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Watu walilima malighafi ya nguo, kisha wakanunua nguo dukani. Taarifa za serikali zilihesabu kilo; lakini nani alivaa nini, na kwa bei ya jasho la nani, ni maswali ya kuwauliza wazee.

Wazee hao wanapungua. Inafaa basi mtafiti aanzie kwao, arekodi majina ya nguo kama yanavyotamkwa, ndipo aende kwenye nyaraka. Karatasi iliyosubiri karne nzima inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Msimulizi huenda asiweze.