JINO LENYE TUNDU LIZIBWE MAPEMA, LISINGOJE KOLEO



Safari hii hatuanzi na mshahara wala saa za kazi. Tunaanza na jino. Msicheke. Mtu aliyekesha kwa maumivu ya jino hawezi kuvuta wavu wa ndagala, hawezi kukamua mawese, na siku asizofika kazini hazilipwi. Kwa hiyo jino nalo ni shauri la chama.

Mimi ni mtu wa Bugarama, hii yetu ya upande wa Rumonge, siyo ile ya njia ya Muramvya. Nina umri wa miaka 46, na upande wa kushoto sina magego mawili. Nitawaeleza yalivyokwenda, maana wengi wenu mtajiona humo.

Gego la kwanza lilianza na kidoa cheusi. Halikuuma, nikaliacha. Baadaye maji baridi yakaanza kunichoma. Wenzangu wakanishauri: tia ugoro, sukutua chumvi, mwingine akasema maji ya betri. Nilitia ugoro. Shavu likavimba hata jicho likafunga. Nikang'olewa jino, na siku 4 za kazi zikapotea.

La pili niliwahi kuliona likiwa na tundu dogo. Nikaenda kwa mwajiri wangu wa wakati ule kuomba karatasi ya matibabu, nikazibwe. Karani akanijibu, "Mzee, kung'oa tunalipa. Kuziba ni urembo." Fedha yangu mwenyewe sikuwa nayo. Nikangoja, na mwishowe likang'olewa pia. Maneno ya yule karani sijayasahau mpaka leo. Jino la kutafunia chakula, yeye aliliita urembo!

La tatu wenzangu walinichangia. Nikapanda gari mpaka Bujumbura, likazibwa kwa asubuhi moja. Huu ni mwaka wa saba, na mahindi ya kuchoma ninayatafuna upande huohuo.

Sasa tuelewane jino linaozaje. Si funza anayelitoboa, kama tulivyoambiwa utotoni. Mdomoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari tunayokula, ya chai, ya andazi, ya soda, na vinatoa asidi. Asidi hiyo inalainisha gamba gumu la jino kidogo kidogo mpaka tundu linatokea. Gamba halina fahamu, ndiyo sababu mwanzoni huhisi kitu. Tundu likifika sehemu ya ndani, maji baridi na vitu vitamu vinauma. Likifika kwenye kiini, palipo na mishipa, hapo hulali tena.

Kuziba kunafanyika hivi. Mganga wa meno anaweza kukupiga sindano ya ganzi. Kisha anachonga kwa mashine ndogo na kuondoa sehemu iliyooza. Anakausha tundu, analijaza, halafu anakuambia uume meno kwenye kikaratasi cha rangi ili aone kama alichojaza kimezidi kimo. Vya kuzibia ni vya namna nyingi. Kuna madini ya rangi ya fedha, ambayo karibu nusu yake ni zebaki.  Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zilizojiunga nao zipunguze matumizi yake. Kuna vya rangi ya jino, na kuna saruji ya meno inayoshika jino yenyewe.

Mtasema: huko kwetu mlimani umeme hakuna, mashine itazungushwa na nini? Jibu limepatikana nchi jirani. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, waganga wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walianza kuziba meno bila mashine. Walikwangua uozo kwa vyombo vya mkono, vijiko vidogo vya chuma vyenye makali, kisha wakajaza saruji na kuikandamiza kwa kidole. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Na mwaka 2021 shirika hilohilo liliiweka saruji hiyo ya meno katika orodha yake ya dawa za lazima. Dawa ya lazima, ndugu zangu, siyo urembo.

Lakini tusidanganyane. Njia hiyo ni ya tundu ambalo halijafika kwenye kiini. Jino likiuma lenyewe usiku, au likitoa usaha, kuziba peke yake hakutoshi: litatibiwa mizizi au litang'olewa. Na shavu likivimba pamoja na homa, au kumeza kukiwa shida, usingoje kesho, nenda hospitali. Watu hufa kwa jino.

Basi tunadai nini? Mkataba namba 130 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1969, unataja matunzo ya meno miongoni mwa matibabu ya mfanyakazi, kwa kadiri sheria ya nchi itakavyopanga. Hatuombi hisani. Watumishi wa serikali wana mituweli yao tangu mwaka 1980. Mvuvi wa Magara na mkamuaji wa mawese wanategemea mfuko wao. Kwa hiyo tukikaa mezani na waajiri, tuweke mambo matatu:

Kwanza, palipoandikwa "kung'oa jino", paandikwe pia "kuziba jino".

Pili, siku ya kwenda kwa mganga wa meno isikatwe mshahara.

Tatu, kituo cha afya kilicho karibu kipate vyombo vya mkono, saruji, na mtu aliyefundishwa kuvitumia.

Na sisi wenyewe tuna wajibu wetu. Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Sukari tuipunguze. Watoto tuwaangalie meno kwenye mwanga wa jua, na tukiona kidoa tusingoje kilio.

Jioni ya leo, ndugu msomaji, chukua kioo ujitazame magego yako. Ukiona tundu, mwambie mjumbe wako wa chama. Tukijua tuko wangapi, tutakwenda kwa mwajiri na hesabu mkononi.

Umoja ni nguvu.