Mtoto Ametoka Wodini, Utumbo Bado Haujapona

Mzazi hushusha pumzi mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Lakini hatari huwa haijaisha. Kati ya 2016 na 2019, utafiti wa CHAIN ulifuatilia watoto 3,101 waliolazwa katika hospitali tisa za Afrika na Asia, Migori ikiwemo. Watoto 350 walifariki, na karibu nusu yao walikuwa wameshatoka hospitalini. Wenye utapiamlo ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Sababu ni nyingi, umaskini ukiwa mojawapo. Nyingine imo tumboni. Utumbo wa mtoto una bakteria wengi mno, na wengi wao ni wema: husaidia kusaga chakula na kuwanyima nafasi wale wa maradhi. Kuhara, njaa na antibiotiki huwavuruga. Utumbo ukivimba kwa ndani, mtoto hula lakini hanenepi.

Je, aongezewe antibiotiki anapotoka? Swali hilo lilijaribiwa Homa Bay na Kisii katika utafiti wa Toto Bora. Watoto 1,400 waligawanywa: baadhi walipewa azithromaisini kwa siku tano, wengine dawa isiyo na nguvu. Miezi sita baadaye, vifo na kulazwa upya havikuwa vimepungua. Kwa hivyo anayepita kwenye duka la dawa kununua vidonge "vya kumalizia" anapoteza pesa, na huenda akawaua bakteria wema. (Dawa iliyoandikwa na daktari ni jambo tofauti, hiyo imalizwe.)

Watafiti wengine wamegeukia njia ya kinyume: kuongeza bakteria badala ya kuua. Nchini India, matokeo ya 2017 yalionyesha watoto wachanga waliopewa bakteria wema pamoja na chakula chao walipata maambukizi makali au kufariki kwa uchache wa asilimia 40. Homa Bay nayo ilihusisha watoto wachanga 600 katika utafiti wa PROSYNK. Huo bado ni utafiti, si dawa ya kununua.

Kilichopo tayari ni maziwa ya mama. Yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wake. Maziwa lala, hata yakisifiwa vipi, asipewe mtoto wa chini ya miezi sita.

Mtoto akikataa kunyonya, akiharisha damu, akilegea au macho yakididimia, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni wiki ijayo.