Mizani ya Muuza Samaki

Haya, wanangu wa Mbololo, sogeeni karibu. Mmoja wenu ameniuliza hivi: "Mjomba, mwenye duka anaweza kuwa gavana?" Swali zuri hilo! Aliyeuliza akae hapa mbele, pembeni yangu.

Anaweza, mwanangu. Lakini leo msimulizi si mimi. Leo atasimulia mizani. Mnaijua ile mizani ya dukani, sahani moja ya mawe, sahani moja ya sukari. Mizani ni mzee wa maneno machache. Kila ukimwekea kitu, yeye huuliza swali moja tu: "Ni cha nani?"

Basi, hapo kale si kale sana, kusini mashariki ya Kongo, kwenye mto Luapula, palikuwa na kijiji kiitwacho Kashobwe. Ng'ambo ya mto ni Zambia. Mwaka 1964 akazaliwa huko mtoto, jina lake Moïse Katumbi. Watu wa huko ni wavuvi, wana mto na wana Ziwa Mweru. Kijana alipokua akaingia biashara ya samaki. Wateja walikuwa kwenye miji ya shaba, na mmoja wa wanunuzi alikuwa Gécamines, kampuni kubwa ya serikali ya kuchimba madini.

"Mjomba, huko wanasema lugha gani?"

Kiswahili! Kina ladha yake, lakini ukitaja samaki utaeleweka.

Mizani akauliza: "Samaki hawa ni wa nani?" Kwa mfanyabiashara jibu ni jepesi. Ni wangu. Nimewanunua kwa fedha yangu. Wakioza, hasara ni yangu. Wakinunuliwa, faida ni yangu. Mizani akatulia.

Biashara ikakua. Mwaka 1997 Katumbi alianzisha kampuni ya kuhudumia migodi, MCK. Mwaka huohuo akawa rais wa klabu ya soka ya TP Mazembe ya Lubumbashi. Naona macho yenu yameng'aa! Ndiyo, Mazembe ile ya Mbwana Samatta, aliyetwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Lakini kabla ya hapo Mazembe walishautwaa 2009 na 2010. Na Desemba 2010, kule Abu Dhabi, waliwafunga Internacional wa Brazil mabao 2 kwa 0 katika Kombe la Dunia la Klabu. Wakafika fainali. Hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika hapo kabla yao. Inter Milan wakawafunga 3 kwa 0, ndiyo, lakini walifika.

Mtu wa namna hiyo watu humjua. Mwaka 2006 akachaguliwa mbunge. Mwaka 2007 akawa gavana wa Katanga, mkoa wa shaba na kobalti, ambao ukubwa wake ulikaribia Kenya nzima.

"Watu wote walimpigia kura, mjomba?"

La. Kule gavana huchaguliwa na wabunge wa mkoa. Kwetu Kenya mama yako na baba yako wanasimama foleni wenyewe. Ndivyo walivyofanya Agosti 2022, na Andrew Mwadime akawa gavana wa Taita Taveta akiwa mgombea huru, bila chama.

Sasa gavana wetu muuza samaki ameketi ofisini. Malori ya madini yanapita mpakani, ushuru unaingia. Mizani akauliza tena: "Fedha hizi ni za nani?"

Hapa ndipo penye ugumu, wanangu. Sikilizeni sana. Dukani, droo ni ya mwenye duka. Akitaka kumpa mtoto peremende ya bure, anampa. Akitaka kufunga mapema, anafunga. Asipopendwa, mteja anavuka barabara kwenda duka la pili. Lakini serikali ya mkoa ni moja. Mwananchi hana duka la pili la kukimbilia. Na droo ile si ya gavana hata senti moja. Mtu aliyezoea kusema "yangu" maisha yake yote, lazima ajifunze kusema "yao". Mimi naona huko ni kujifunza kugumu kuliko kuhesabu faida.

Mwaka huohuo wa 2007 Katumbi alizuia mawe ghafi ya madini yasivushwe mpaka. Alitaka yasafishwe kwanza palepale Katanga, ili kazi na ushuru vibaki nyumbani. Nyinyi mnaweza kulielewa hilo. Kaunti yetu ina tsavorite, kile kito cha kijani chenye jina la Tsavo yetu. Kikiuzwa kikiwa jiwe tu, kazi ya kukikata anaipata nani?

"Lakini mjomba, si yeye mwenyewe alikuwa na kampuni ya migodi?"

Hongera, mwanangu! Umeuliza alichouliza mizani. Mtu mwenye biashara ya migodi akiongoza mkoa wa migodi, vidole vyake viko kwenye sahani zote mbili. Hata akiwa mwema kiasi gani, watu wana haki ya kuangalia vidole. Ndiyo maana katiba yetu ya 2010 ina sura nzima, ya sita, juu ya uongozi na uadilifu.

"Akaishia wapi?"

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, na Septemba akajiuzulu, akawa mpinzani wa rais. Aliishi uhamishoni tangu 2016, akarudi 2019. Mwaka 2023 aligombea urais akawa wa pili.

Na hapa kwetu? Mbololo ni wadi moja kati ya sita za eneo bunge la Voi, na kaunti nzima ina wadi 20. Kila wadi ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti, na bunge hilo ndilo hupitisha bajeti. Mwenye kibanda cha mboga anaweza kugombea kiti hicho. Kabla bajeti haijapitishwa, wananchi huitwa kutoa maoni. Siku hiyo mwombe mzazi akuchukue. Kaa kimya, sikiliza tarakimu zikisomwa. Kisha ukifika nyumbani, muulize mama lile swali la mizani.