Kabla ya Filimbi Kupulizwa

"Nesi, nimwache aendelee na mpira, au nimkataze?"

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja aliyefika kliniki na binti yake wa kidato cha pili. Goti la binti lilikuwa limevimba baada ya kuanguka akicheza mpira katika uwanja wa shule. Mama alikuwa na hasira, na nyuma ya hasira ile niliiona hofu. "Nimempeleka shule akasome, yeye ananiletea goti," alisema. Binti alivumilia nilipomgusa mguu. Machozi yalimtoka pale tu mama yake alipotaja kumkataza.

Mpenzi msomaji, huenda nawe unaye binti wa namna hiyo nyumbani. Zamani mpira ulikuwa wa kaka zake, leo anaomba umnunulie viatu vya kuchezea. Utamjibu nini?

Mimi sikuwa na jibu la haraka. Nililipata nilipochunguza jinsi timu za taifa zilivyojiandaa kwa Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023. Wengi wetu hutazama dakika 90 za mchezo tukadhani ndizo kazi yenyewe. Lakini sisi akina mama tunajua habari za jikoni: mgeni huiona sahani, haoni moshi. Kazi ya timu hufanyika kabla ya filimbi kupulizwa, na huko ndiko mambo yanayotuhusu sisi wazazi yaliko.

Mashindano hayo yalifanyika Australia na New Zealand kuanzia Julai 20 hadi Agosti 20, 2023. Kwa mara ya kwanza zilishiriki timu 32, baada ya kuwa 24 katika mashindano mawili yaliyotangulia. Afrika iliwakilishwa na Nigeria, Afrika Kusini, Zambia na Morocco. Hispania ndiyo iliyotwaa kombe kwa kuifunga Uingereza bao 1-0 jijini Sydney.

Mama aliyepitisha bakuli

Tuanze na Jamaica, kisiwa kidogo ambacho timu yake ya wanawake iliwahi kuvunjika kwa kukosa fedha. Mwaka 2014 mtoto wa Cedella Marley, binti wa mwanamuziki Bob Marley, alirudi nyumbani kutoka shuleni na karatasi ya kuomba michango kwa ajili ya timu hiyo. Mama mtu aliisoma, akashangaa, akaanza kuihangaikia. Miaka mitano baadaye, mwaka 2019, Jamaica ikawa nchi ya kwanza ya Karibiani kucheza Kombe la Dunia la Wanawake.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Sivyo. Mwezi Juni 2023, wiki chache kabla ya mashindano, wachezaji walitoa barua ya wazi kwa umma. Walilalamikia usafiri, malazi, chakula, mazoezi na malipo. Walisema kwamba kwa sababu ya mipango mibovu walikuwa wamekosa mechi kadhaa za kirafiki, ambazo ni kipimo cha timu kabla ya mtihani.

Ndipo mama mzazi wa mmoja wa wachezaji alipoamua kupitisha bakuli. Alianzisha mchango kwa njia ya intaneti, watu wa nchi mbalimbali wakachangia ili mabinti wale wapate mahitaji ya kambi. Matokeo yake? Jamaica ilitoka sare 0-0 na Ufaransa, ikaifunga Panama 1-0, kisha ikatoka sare 0-0 na Brazil, taifa kubwa la kandanda, na kuirudisha nyumbani. Katika mechi tatu za kundi lake haikufungwa hata bao moja. Safari yake ilikomea hatua ya timu 16 kwa kufungwa na Kolombia bao 1-0.

Sisemi kwamba bakuli la mama ndilo lililozuia mabao. Nasema kwamba mwanamke mmoja hakungoja wakubwa wamalize vikao.

Uwanja mgumu

Kisa cha Afrika Kusini ni cha uchungu zaidi. Timu yao ilikuwa bingwa wa Afrika wa mwaka 2022. Mechi yao ya kuagana na wananchi, dhidi ya Botswana, ilipangwa Julai 2, 2023 katika uwanja wa Tsakane. Wachezaji waliposikia hali ya uwanja ule waligoma, wakihofia kuumia siku chache kabla ya kusafiri. Palikuwa pia na mgogoro wa malipo. Kikakusanywa haraka kikosi cha dharura, na ndani yake mlikuwa na msichana wa miaka 13. Kikosi hicho kilifungwa mabao 5-0.

Wako waliowaita wachezaji wale wakaidi. Mimi kama muuguzi siwezi kuwalaumu. Uwanja mgumu wenye mashimo si jambo la kudharau kwa mtu ambaye mguu ndiyo jembe lake. Mgogoro ulitulia baada ya mfuko wa hisani wa Motsepe kutoa randi milioni 6, na timu ikaondoka.

Huko New Zealand walikwenda dakika za mwisho na Italia wakiwa sare 2-2, na sare hiyo isingewatosha. Dakika ya 92 Thembi Kgatlana alifunga bao la tatu. Kwa mara ya kwanza timu ya Afrika Kusini, ya wanaume au ya wanawake, ilivuka hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Mwaka mmoja kabla yake, Kgatlana alikuwa ameumia vibaya kano ya kisigino. Na majuma yale yale ya mashindano alikuwa amefiwa na ndugu watatu. Angeweza kurudi nyumbani kulia na wenzake. Alibaki.

Habari ya magoti

Sasa turudi kwenye goti la yule binti. Katikati ya goti mna kano inayozuia mfupa wa mguu wa chini usiteleze kwenda mbele. Kano hiyo ikikatika, mara nyingi mchezaji husikia kitu kikialika, goti huvimba katika saa chache, na akijaribu kusimama huhisi linamtoroka. Kupona huchukua miezi tisa hadi mwaka, mara nyingi baada ya upasuaji.

Kabla ya mashindano ya mwaka 2023, Uingereza ilimpoteza nahodha wake Leah Williamson na mfungaji wake Beth Mead kwa jeraha hilo. Uholanzi ilimkosa Vivianne Miedema. Wote watatu walikuwa wa klabu moja, Arsenal. Zambia nayo, iliyokuwa imetoka kuifunga Ujerumani 3-2 katika mechi ya kirafiki na kuwashangaza wengi, ilimpoteza mlinda mlango wake Hazel Nali mazoezini siku chache tu kabla ya mechi ya kwanza.

Wasichana na wanawake huumia kano hiyo mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo huo huo. Sababu si moja. Jinsi nyonga ilivyoumbwa, jinsi msichana anavyotua baada ya kuruka, misuli ya paja isiyozoezwa, viwanja vibovu na viatu vilivyotengenezwa kwa mguu wa mwanamume, vyote hutajwa, na wataalamu wanaendelea kuchunguza.

Lakini ipo habari njema, tena haina gharama. Uko utaratibu wa kupasha mwili joto uliotayarishwa chini ya FIFA uitwao 11+. Huchukua dakika kama 20: kukimbia polepole, kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo bila kuingia ndani. Huhitaji mashine, mpira na uwanja vinatosha. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba majeraha makubwa yalipungua karibu nusu kwa waliofanya mazoezi hayo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu wa michezo si "Mtashinda?" bali "Watoto wanapasha mwili joto namna gani?"

Damu, chakula na siku za mwezi

Jambo jingine ambalo zamani halikutajwa kambini ni hedhi. Mwaka 2023 timu ya Uingereza iliacha bukta nyeupe ikachagua za bluu, na New Zealand nayo ikaacha nyeupe. Wachezaji walikuwa wameeleza wasiwasi wao wa kuchafuka mbele ya maelfu ya watu. Ni badiliko dogo la rangi, lakini limeondoa mzigo mkubwa moyoni. Ni mabinti wangapi wa shule zetu wanaokaa pembeni wakati wa michezo kwa sababu hiyo hiyo, na sisi tunadhani ni wavivu?

Msichana anayepoteza damu kila mwezi na kukimbia kila jioni anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Akikosa, huchoka upesi, huishiwa pumzi, kichwa huuma na masomo hushuka. Tena msichana anayefanya mazoezi mengi huku akila kidogo anaweza kukosa siku zake kwa miezi kadhaa. Wengine hufurahia wakiona wamepumzishwa. Si jambo la kufurahia. Ni dalili kwamba mwili umekosa nguvu za kutosha, na mifupa yake inaweza kudhoofika.

Watoto kambini

Liko pia swali linalotuhusu sisi wenyewe: je, mchezo humzuia mwanamke kuwa mama? Kikosi cha Marekani cha mwaka 2023 kilikuwa na akina mama watatu: Alex Morgan, Crystal Dunn na Julie Ertz. Ertz alijifungua Agosti 2022, na kufikia Aprili 2023 alikuwa amerudi katika timu ya taifa. Katika timu ya Ufaransa, Amel Majri aliruhusiwa kuingia kambini na binti yake mchanga, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika timu hiyo. Katrina Gorry wa Australia naye alilea mtoto wake huku akiichezea nchi yake, na wenzake wakawa mama wadogo wa mtoto.

Hayo hayakuja kwa huruma tu. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zinampa mchezaji anayejifungua likizo ya wiki zisizopungua 14, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Mama yeyote aliyewahi kurudi kazini maziwa yakimtiririka kifuani ataelewa uzito wa kanuni hiyo.

Kwetu nyumbani

Haya si mambo ya ng'ambo peke yake. Oktoba 2022 wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa 2-1 katika Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya wa umri huo, Junior Starlets, walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, wakaifunga Meksiko 2-1. Julai 2025 Twiga Stars walicheza fainali za Afrika huko Morocco, mara yao ya pili baada ya mwaka 2010. Kila mmoja wa mabinti hao ana mama ambaye siku moja aliulizwa, "Naomba niende mazoezini," akapaswa kujibu.

Ikiwa binti yako anacheza, yafaa uyazingatie haya:

1. Nenda ukauone uwanja na umfahamu mwalimu. Ujue nani anakuwepo mazoezini na binti anarudi saa ngapi na nani.

2. Mpe chakula cha kutosha kabla na baada ya mazoezi. Maharage, dagaa, mboga za majani, na nyama au maini inapowezekana, pamoja na chungwa, embe au ndimu. Chai aisubiri kama saa moja baada ya chakula, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

3. Zungumza naye juu ya hedhi bila kuona haya. Hakikisha ana pedi na bukta ya rangi ya giza. Damu ikizidi siku saba, au siku zake zikikosekana miezi mitatu, mlete kliniki.

4. Goti likivimba, aache kucheza siku hiyo hiyo. Mweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa au kitambaa cha maji baridi, ainue mguu, na apelekwe hospitali. Usimkande kwa maji ya moto, wala usimpeleke kwa mtu wa kuvuta goti.

5. Asirudi uwanjani kwa sababu maumivu yameisha. Arudi baada ya kuruhusiwa na mganga.

6. Shule na kazi za nyumbani zibaki na nafasi zake. Lakini kaka yake naye aoshe vyombo, ili dada apate muda.

Yule mama nilimjibu hivi: "Dada, tulitibu kwanza goti. Likipona, usimkataze. Nenda naye." Alinitazama kama niliyemtania. Baada ya miezi kadhaa nilimwona pembeni ya uwanja wa shule, amekaa juu ya kanga yake, chupa ya maji na machungwa yaliyomenywa mbele yake. Binti alikuwa bado hajaruhusiwa kucheza mechi. Alikuwa akiwaongoza wenzake kupasha mwili joto, akiwasisitiza, "Kunjeni magoti mnapotua!"

Mama akanisogezea kipande cha chungwa. "Nesi," alisema, "nimewaletea timu nzima."