Je, Wajua? Padri na machokoraa wake

Je, wajua kwamba Shirika la Undugu lilizaliwa kutokana na urafiki wa padri Mzungu na machokoraa? Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwakuta katikati ya Nairobi wakimpungia dereva mkono, wakimwonyesha pa kuegesha gari, kisha wakinyoosha kiganja wapate sarafu. Wapita njia walishikilia mikoba yao. Yeye akapiga nao gumzo. Mwaka 1973 akaanzisha Undugu (jina zuri kweli, maana hakuliita Msaada). Baadaye shule zake, zikiwemo za Mathare na Pumwani, zilibana masomo ya msingi yakawa ya miaka 3, kisha mwaka mmoja wa ufundi. Kijana aliyezoea kujitafutia chakula angekaaje darasani miaka minane?