Ndugu wa Chungu Kimoja: Kulinganisha Vipimo vya Jozi

Wanafunzi wanaochunguza ulaji wa majumbani mara nyingi huweka wakubwa upande huu na wadogo upande ule, wakalinganisha wastani mbili kana kwamba watu hao hawajuani. Kumbe wanakula chungu kimoja. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha hasara ya kuwatenganisha.

Tutunge mfano. Katika nyumba 10 za Lubumbashi tumeuliza kila mtoto hula sombe siku ngapi kwa juma. Wakubwa: 3, 3, 3, 6, 5, 7, 6, 7, 7, 3. Wadogo wao, kwa mfuatano uleule wa nyumba: 1, 2, 3, 3, 4, 5, 7, 6, 7, 2. Wastani ni 5 na 4. Tukiyahesabu kama makundi mawili mbalimbali, t ni 1,12 tu, nayo haifikii 2,10 inayotakiwa kwa kiwango cha asilimia 5. Tutaandika kwamba mdogo hapunjwi, nasi tutakuwa tumemdhulumu.

Sasa tutoe, katika kila nyumba, jibu la mdogo katika lile la mkubwa: 2, 1, 0, 3, 1, 2, –1, 1, 0, 1. Wastani wa tofauti ni 1, na mkengeuko sanifu 1,155. Tukiugawa mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha 10 tunapata 0,365. Na 1 kwa 0,365 ni 2,74. Kwa jozi 10 yatosha kupita 2,26. Hesabu ni zilezile; kilichoondoka ni tofauti kati ya nyumba yenye sombe kila siku na ile inayoipata kwa nadra. Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness aliyejiita Student, alifanya vivyo hivyo mwaka 1908 kwa usingizi wa wagonjwa 10 waliopewa dawa mbili.

Sharti ni kwamba tofauti hizo zisiwe na moja iliyopotoka mno, na kila nyumba itoe jozi moja, kwa kanuni iliyowekwa kabla ya kuuliza. Kuchagua baadaye wawili wanaotofautiana zaidi ni udanganyifu.

Tatizo gumu zaidi ni la lugha. Neno «ndugu» hubeba hata mtoto wa baba mdogo. Kwa swali letu, huyo akilelewa nyumbani humo anafaa jozi kuliko mtoto wa tumbo moja anayekula kwa nyanya yake Likasi. Basi hojaji iulize kwanza: «Jana jioni mlikula chungu kimoja?»